UZI: Amani ni kijani, lakini si msitu uleule. Mjomba kanitembeza, macho yakafunguka

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Wakuu habari za jioni.

Hili jambo ninalo kifuani tangu nirudi Amani mwezi uliopita. Naongelea Amani ya Muheza, Tanga, kule juu Usambara Mashariki, wale wa uwanja wa mpira wa Zanzibar msije mkachanganya. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu.

Nilikwenda kumjulia hali mjomba wangu. Ukitoka Muheza unapita michungwa, ukifika Zigi barabara inaanza kupanda, kona juu ya kona, baridi inaingia kidogokidogo na kijani kinakufunga kulia na kushoto. Mimi nimezaliwa huko ila nimekulia Tanga mjini, kwa hiyo macho yangu ni ya mgeni. Tulipomaliza salamu nikamwambia, "Mjomba, afadhali ninyi, msitu wenu bado haujaguswa." Mzee alicheka mpaka akakohoa. Kesho yake asubuhi akachukua panga na fimbo, akasema vaa viatu twende.

Mjomba ana miaka sabini na ushei. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa utingo kwenye trekta la kuburuta magogo huko Kwamkoro. Kazi yake ilikuwa kuruka chini, kufunga mnyororo kwenye gogo, kupiga mluzi, kukaa mbali. Kwa hiyo msitu ule anaujua kwa namna ambayo mimi na wewe hatuujui. Anajua ulivyokuwa siku moja kabla.

Tulitembea kama saa moja. Akanisimamisha mahali, akasema: "Haya, zunguka. Nitajie miti mitano mikubwa unayoiona." Nikazunguka. Shina lililonyooka, gome la kijivu lenye mifereji, matawi yametandazwa juu kama mwavuli. Wa pili hivyohivyo. Wa tatu hivyohivyo. Ilipofika mitano nikaona aibu, maana yote ilikuwa mti mmoja. Nikamuuliza unaitwaje kwa Kisambaa. Akasema, "Hauna jina la Kisambaa. Mgeni huyo. Sisi tunamwita mesopsisi, kama walivyotuambia mabwana misitu."

Hapo ndipo nilipokaa kitako. Msitu mzima mbele yangu, kijani hasa, ndege wanaimba, na mti uliotawala hauna jina kwa lugha ya wenye mlima.

Naendelea comment ya chini, ngoja nichaji simu.

Tanga Raha

Tiririka mkuu, mimi niko pale nimekaa na kahawa yangu.

Fundi Msumeno

Mesopsisi naufahamu, mbao zake nyepesi, zinaingia kwenye maboksi na fremu za bei rahisi. Weka nyama.

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Nimerudi.

Baada ya pale tukashuka bonde moja, tukavuka kijito, tukapanda upande wa pili ambako mjomba anasema trekta halikufika kwa sababu mteremko ulikuwa mkali mno. Wakuu, ni kama kuingia chumba kingine cha nyumba ileile. Giza. Chini majani yameoza juu ya mengine mpaka unakanyaga kama godoro. Msambu umebeba matunda makubwa kuliko embe dodo, mengine yamedondoka yamepasuka. Mtambara umenyooka mpaka shingo inauma kuutazama. Kwenye jiwe lenye unyevu nikaona yale maua madogo ya zambarau, ambayo Wazungu wanayaweka madirishani kwao kwenye vyungu. Asili yake ni huku kwetu. Mwaka 1892 Walter von Saint Paul-Illaire, Mjerumani aliyekuwa mtawala wa wilaya ya Tanga, aliyaokota akayapeleka kwao, na jina la kisayansi likawa Saintpaulia, kwa jina lake. Wenye jiwe hawakuulizwa.

Mjomba akanionyesha tofauti moja ambayo sikuitegemea. Alichimba kidogo kwa ncha ya fimbo pale penye giza, akachukua udongo akaufikicha. Mweusi, unashikana. Tuliporudi kule kwenye mesopsisi akafanya vilevile. Majani juu ya ardhi machache, chini yake udongo mwekundu umeanza mara moja. "Majani ya huyu yanaoza upesi," akasema. "Hayaachi blanketi."

Sasa huu mti umefikaje? Nimesoma kidogo nilivyorudi, na mengine nimemuuliza mjomba.

Wajerumani walianzisha pale Amani taasisi ya utafiti wa kilimo na biolojia mwaka 1902. Wakaleta mimea kutoka pembe zote za dunia wakaipanda kwenye bustani, mamia ya aina: mipira, minazi ya mafuta, mikwinini, viungo, miti ya mbao. Walitaka kujua nini kitastawi kwenye koloni na kuleta pesa. Wakati huohuo walijenga reli ndogo kutoka Tengeni hadi Zigi, na kazi yake kubwa ilikuwa kushusha mbao. Nyumba ya stesheni bado ipo, leo wageni wanapokelewa hapo. Kwa hiyo anayesema uharibifu wa misitu Usambara ulianza na wanakijiji na majembe yao, ajue kwamba kulikuwa na reli ya magogo kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia.

Mesopsisi uliingia Amani karibu na 1913. Jina lake kamili ni Maesopsis eminii, hilo "eminii" ni la Emin Pasha, mpelelezi Mjerumani wa karne ya 19. Kwao ni misitu ya Afrika Magharibi na Kati mpaka Uganda na Kagera. Ulikaa bustanini kimya kwa muda. Miaka ya 1960 na 1970 mabwana misitu wakaanza kuupanda kwa wingi huko Kwamkoro, kwa sababu unakua haraka na unajaza mapengo.

Mapengo hayo nani aliyachimba? Hapo ndipo mjomba anaingia kwenye hadithi.

Nshomile wa Muleba

Mleta mada, samahani nikukate kauli. Huo mti unaouita mgeni, huku kwetu Kagera ni mwenyeji halali. Waganda wanauita musizi. Haujawahi kuleta vurugu. Babu alikuwa nao shambani, kahawa chini, migomba pembeni, musizi juu, maisha yanaendelea. Msituharibie jina la mti wetu bure.

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Hahaha Nshomile tulia, hakuna aliyeutukana. Ni mti mmoja ndani ya nchi moja, kwako ni mwenyeji, kwangu ni mvamizi. Hilo lenyewe lilinishangaza sana. Nimezoea kusikia mimea vamizi imetoka Brazili au India, kumbe hata kutoka Bukoba kuja Tanga inatosha. Milima ya Usambara imekaa peke yake muda mrefu mno, imepokea mvua ya Bahari ya Hindi wakati nyanda zote zinazoizunguka zilikuwa zikikauka na kurudi. Vilivyomo vimezoeana vyenyewe kwa vyenyewe. Vinyonga wenye pembe tatu, ndege wa kichakani ambao huwaoni kwingine. Jirani wa kilomita elfu moja kule ni mgeni kabisa.

Turudi kwa mjomba. Kilikuwepo kiwanda kikubwa cha mbao Tanga, na mashine zake zilikuja kwa msaada wa Finland. Kiwanda kikubwa kinataka magogo mengi. Yakatoka Usambara. Mjomba anasema mwanzoni walichagua: mvule, mtambara, mkangazi. Baadaye ikawa chochote kinachofikia unene. Kwenye karatasi mti wa karibu na mto haukatwi na mteremko mkali haukatwi. "Karatasi ilikuwa ofisini," mjomba anasema, "sisi tulikuwa msituni na dereva analipwa kwa gogo."

Nikamwomba anieleze siku moja ya kazi. Akasema wa chenso anaangusha mti. Mti wa mita arobaini haudondoki peke yake, unavuta kamba zote zilizousuka na wenzake, unavunja wengine saba au nane. Halafu buldoza linapita kufungua njia ya kulifikia gogo hilo moja, linasukuma udongo wa juu pembeni. Halafu trekta linaburuta, gogo linachora mfereji. Mvua ikinyesha jioni ule mfereji ni mto. "Gogo moja lilikuwa linaondoka," kasema, "lakini ukitazama nyuma unaona kama pamepita tembo ishirini wenye hasira."

Yale mapengo yote ndiyo mesopsisi uliyokuwa unayasubiri.

Bwana Miche

Mimi ni mtu wa misitu kwa taaluma, nilisomea Morogoro. Niruhusuni nitie neno, maana hapa ndipo watu wengi wanapokosea.

Msitu kuvurugika si ajabu. Msitu wa asili unajivuruga wenyewe kila mwaka. Mti mzee unaanguka, paa linatoboka, jua linagusa chini. Pale chini tayari kuna miche iliyokaa miaka kumi, ishirini, urefu wa goti, haikui wala haifi, inasubiri jua. Pengo likifunguka inakimbizana kwenda juu. Hapo ndipo msitu unapojifanya upya. Bila mapengo baadhi ya miti mikubwa isingepata nafasi kabisa. Kwa hiyo tusiseme "msitu usiguswe" kana kwamba ni sanamu.

Tatizo la uvunaji wa mitambo ni mambo matatu kwa pamoja. Mapengo ni mengi kwa wakati mmoja na ni mapana, kwa hiyo jua linakuwa kali mno kwa ile miche iliyozoea kivuli. Ile miche yenyewe inasagwa na minyororo ya buldoza. Na udongo unashindiliwa unakuwa kama sakafu. Mti unaopenda jua, unaokua haraka, wenye mbegu nyingi na msambazaji hodari, ukiwa jirani tu, umeshinda mbio kabla hazijaanza.

Na msambazaji yupo. Muulize mjomba kuhusu hondohondo.

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Bwana Miche umeninyang'anya utamu! Hiyo ndiyo sehemu niliyokuwa naiweka ya mwisho.

Tulikuwa tumekaa kwenye gogo tunakula mihogo, nikasikia sauti juu kama mvukuto wa mhunzi, fuu, fuu, fuu. Mjomba akanyoosha kidole bila kutazama: hondohondo. Wale wakubwa weusi wenye pembe juu ya mdomo. Walitua sita kwenye mesopsisi wakaanza kuchuma. Tunda lake likiwa bichi ni kijani, likikomaa linapita njano, mwisho linakuwa jeusi la zambarau, ukubwa kama zambarau nene. Hondohondo analirusha hewani analimeza zima. Mbegu anaitema au anaidondosha akiwa tayari yuko bonde la pili. Kima nao wanasaidia.

Yaani yule ndege wa msitu wa asili, anayehitaji miti mikubwa yenye mapango ili atage, ndiye anayembebea mgeni mbegu. Hapo hakuna wa kumlaumu. Mti unazaa sana, na una chakula wakati ambao miti mingine haina.

Mpenda Ndege

Kuhusu ndege niongeze kidogo. Kuna mtafiti Mmarekani, William Newmark, tangu 1987 amekuwa akinasa ndege kwa nyavu kwenye vipande vya msitu vya Usambara, anawavalisha pete, anawaachia, miaka inapita anarudi. Alichokiona kinasikitisha: ndege wa chini kichakani hawavuki eneo la wazi. Hata shamba la chai la mita mia chache kwao ni bahari. Mwenye mabawa anashindwa kuvuka shamba! Kwa hiyo kipande cha msitu kikibaki kidogo kimezungukwa na chai, ndege wake wanapungua mmoja mmoja hata kama hakuna mtu aliyerudi na shoka. Kipande kinaonekana kizuri kwenye picha ya setilaiti lakini ndani kunanyamaza.

Ndiyo maana watu wakapigania ushoroba wa Derema, yaani ukanda wa msitu wa kuunganisha vipande.

Binti Muheza

Mmefika Derema, sasa na mimi nizungumze, maana nimesoma kimya nikaona mnaelekea kutusahau.

Baba yangu alikuwa na iliki Derema. Iliki hiyo ndiyo iliyonisomesha, sketi ya shule, daftari, nauli. Iliki inataka kivuli na unyevu, kwa hiyo huangushi miti mikubwa. Unafyeka vichaka vya chini, unapunguza kivuli kidogo, unapanda. Ukipita juu kwa ndege unasema msitu huu hapa. Na sisi tulijiona tunautunza. Baba alikuwa mkali, mtu akikata mti mkubwa shambani kwake ni ugomvi.

Lakini nitasema ukweli wote. Ukifyeka chini kila mwaka, miche haibaki. Ile miche ya Bwana Miche, ya kusubiri miaka ishirini, sisi tuliikata kwa panga tukiita magugu. Mti mzee ukifa hakuna mrithi. Na iliki ikikaa miaka saba, nane, kumi, udongo unachoka, mazao yanashuka, ndipo mtu anakata miti anatia mahindi au migomba. Nilikuja kulielewa hilo nikiwa mtu mzima. Wakati ule iliki ilikuwa ada.

Miaka ya 2000 wakaja kuhesabu iliki yetu, ili tulipwe fidia tuhame na mashamba yawe ushoroba. Wakulima zaidi ya 1,000 tuliguswa. Walilipa kwa shina la iliki, baba alikuwa anatembea nyuma ya wahesabuji anasema "na lile, na lile pale". Fidia ilikuja kwa kuchelewa na kwa mafungu. Eneo lingine watu walilopewa lilikuwa chini tambarare, joto, iliki haioti huko hata uiimbie. Baba hakuwahi kulima iliki tena. Mwaka 2010 ushoroba ukatangazwa hifadhi rasmi.

Ndege wavuke salama, siwachukii. Ila mkiandika habari ya Derema, wawekeni na watu waliohama ili ndege wavuke.

Tanga Raha

Binti Muheza umenigusa. Nakazia.

Kijana wa Mjini

Sasa si mngekata tu hiyo mesopsisi yote ikaisha? Mbona mnazunguka? Serikali itoe vibali, watu wapate mbao, msitu urudi. Rahisi.

Bwana Miche

Rahisi ukiwa umekaa, mkuu.

Ukikata mesopsisi mmoja umefungua pengo. Nani anaingia kwenye pengo? Mtoto wa mesopsisi, au mlantana, au ule mmea wenye majani ya manyoya, Clidemia, uliotoroka pia bustanini. Na ili utoe gogo unahitaji njia, na njia ndiyo ileile hadithi ya mjomba wa mleta mada.

Halafu kuna mjadala wa kweli kati ya wataalamu. Miaka ya 1980 na 1990 walipoona kasi yake walishtuka, wakahofia kwamba utameza msitu wote. Wengine waliokuja baadaye wakakuta miche ya miti ya asili inaota chini yake, kwa sababu kivuli chake ni chepesi na mti wenyewe hauishi muda mrefu ukilinganisha na mtambara au mnyasa. Mesopsisi unaanza kuoza moyo ukiwa bado unaonekana kijana. Kwa hiyo wapo wanaoutazama kama muuguzi: unafunika kidonda, unakufa, wenye nyumba wanarudi. Wengine wanasema muuguzi gani huyu anayejaza wodi watoto wake.

Mimi niko katikati. Penye mbegu za asili jirani na udongo haujaharibika, muuguzi anaweza kufanya kazi. Palipopita buldoza na pakafuatia iliki na pakafuatia mahindi, hakuna wa kumrithi ila yeye mwenyewe. Dawa ninayoiamini ni ya polepole: kung'oa miche yake, kupanda misambu na mitambara kwa mkono, na kukata mikubwa mmojammoja tena kwa kupasulia palepale bila kuburuta gogo. Inachosha na haina picha nzuri ya uzinduzi.

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Nilimuuliza mjomba uvunaji uliisha vipi. Kasema siku moja waliambiwa mashine zinashuka, basi. Ninavyosoma, katikati ya miaka ya 1980 kelele zilikuwa kubwa, watafiti na mashirika ya nje wakapiga yowe, Wafini wenyewe wakatuma watu kufanya hesabu ya msitu mwaka 1986 na 1987, na muda si mrefu uvunaji wa mitambo ukasimamishwa. Kisha miaka ya 1990 Finland ileile ikafadhili mradi wa kuhifadhi misitu ya vyanzo vya maji ya Usambara Mashariki. Mjomba anasimulia hili akiwa ametulia kabisa: "Waliotupa mnyororo ndio waliotupa miche." Yeye alipata kazi pande zote mbili, kwanza utingo, baadaye kibarua wa kitalu.

Hifadhi ya Mazingira Asilia Amani ilitangazwa 1997, ya kwanza ya aina yake Tanzania, hekta 8,380. Humo mna hekta kama elfu moja ambazo ni mali ya kampuni ya chai, zimeingizwa kwa makubaliano. Mwaka 2000 UNESCO ikaingiza Usambara Mashariki kwenye orodha yake ya hifadhi hai.

Mkidhani hapo imeisha, 2003 ikaingia dhahabu. Mtu kaokota punje kijitoni upande wa Sakale, habari ikavuma, watu wakaja kutoka kila machimbo ya nchi hii. Maelfu, ndani ya msitu wa vyanzo vya maji, wanageuza kitanda cha mto kwa sururu. Mjomba anasema kijito alichonywea tangu utotoni kilikuwa chai ya maziwa kwa miezi. Serikali ikawaondoa, lakini mashimo ukienda yapo, na ndani yake mnajua nani ameota.

Tanga Raha

Hapo kwenye maji ndipo na sisi wa mjini tunapoingia. Wengi hapa Tanga hawajui maji ya bomba yanatoka wapi. Yanatoka mto Zigi, yanakusanywa bwawa la Mabayani, na Zigi inashuka kutoka hukohuko kwenye iliki, dhahabu na mesopsisi. Tope likishuka linakaa bwawani, bwawa linapungua kina. Dawa ya kusafishia nayo inapanda.

Juu huko kuna umoja wa wakulima, UWAMAKIZI, wanatunza kingo za Zigi na Kihuhwi, wanaacha kulima ukingoni, wanapanda miti. Na 2024 mamlaka ya maji ya Tanga iliuza hatifungani ya kijani (yaani ilikopa kwa wananchi na taasisi kwa riba, kwa ajili ya mradi unaojali mazingira), shilingi bilioni 53.12, ikaorodheshwa soko la hisa Dar es Salaam. Mimi nilinunua kidogo, kama mzaha. Sasa kila mvua ikinyesha Amani nawaza mtaji wangu hahahaa.

Fundi Msumeno

Kwa hiyo mteja wa maji amelipa, mwenye hatifungani analipwa riba. Mkulima aliyeacha kulima ukingoni anapata nini?

Binti Muheza

Hilo ndilo swali, fundi. Kuna wakati watu huko walipata njia nzuri kwelikweli, ufugaji wa vipepeo. Unapanda mimea wanayokula viwavi, unakusanya buu waliojifunga, wanasafirishwa Ulaya kwenye nyumba za maonyesho. Shangazi yangu alijengea chumba kwa vipepeo. Ili umpate kipepeo unahitaji msitu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuhubiriwa. Machi 2016 likaja zuio la kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, kuanzia twiga mpaka nyani, na kipepeo naye akaingia humo. Vile vizimba vya neti vikageuka vya kuku.

Nshomile wa Muleba

Daah. Kipepeo na twiga kifungu kimoja.

Mleta mada, nimekusamehe kuhusu musizi. Swali langu la mwisho: ulipokuwa unarudi mjini, mzee alikwambia nini? Yeye anaona msitu utarudi au ndiyo basi?

Mwana wa Zigi (mleta mada)

Mzee hakusema utarudi wala hautarudi. Siku ya mwisho alinipeleka mahali ambapo mesopsisi mkubwa umeanguka masika iliyopita. Umeoza katikati, ndani unaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko. Pengo lake upana kama uwanja wa netiboli. Akaniambia hesabu, wewe una macho.

Tukagawana. Tulianza kwenye kisiki tukaenda hatua kumi kila upande, tumeinama, tunafunua majani. Yeye alikuwa anang'oa na kutupa, mimi naandika kwenye simu. Msambu, miche miwili, mmoja umetafunwa. Mtambara mmoja, majani manne. Mnyasa mitatu, imekaa pamoja kwenye unyevu chini ya gogo. Ya mesopsisi niliacha kuandika nilipofika 40, kwa sababu mzee alikuwa amenitangulia na alikuwa anang'oa upesi kuliko ninavyohesabu.

Ile miche michache ya asili aliichomekea vijiti pembeni, ili akirudi asiikanyage. Jana kanipigia. Kasema msambu uliotafunwa umetoa jani jipya.